Kikao cha Kuchagua Nchi ya Kuiga Katika Kudhibiti Akili Unde, na Shauri la Insha ya Chausiku Sefu

SHULE YA SEKONDARI MIKOKONI, BAGAMOYO
KAMATI YA MUDA YA KANUNI ZA AKILI UNDE

Kumbukumbu za kikao cha kwanza kilichofanyika katika maktaba ya shule siku ya Jumatano, tarehe 11 Februari 2026, kuanzia saa 8:20 mchana.

WALIOHUDHURIA
1. Mwl. Hieronimo Mkude – Makamu Mkuu wa Shule, Mwenyekiti
2. Mwl. Oscar Kapinga – Mwalimu wa Taaluma
3. Mwl. Shadya Haji – Mwalimu wa Uraia
4. Bi. Mize Masoud – Mwakilishi wa Wazazi, mfanyabiashara wa vitenge sokoni
5. Evelyn Cosmas – Kidato cha Nne, Katibu wa kikao

ALIYEITWA
Chausiku Sefu – Kidato cha Tatu (kuanzia Kumb. Na. 5/2026)

ASIYEHUDHURIA, KWA TAARIFA
Mwl. Clara Mbena – Mwalimu wa Kompyuta. Yuko Chalinze akisubiri kompyuta ya shule itengenezwe.

KUMB. NA. 1/2026: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwashukuru wajumbe kwa kufika. Alisema kwamba dunia inakwenda kasi na shule haiwezi kubaki nyuma. Aliomba radhi kwa kuchelewa kuanza, kwa kuwa ufunguo wa maktaba ulikuwa haujulikani ulipo.

Kwa kuwa Mwl. Clara ndiye aliyetarajiwa kuandika kumbukumbu, na pia ndiye mjumbe pekee aliyesomea mambo yanayojadiliwa, Mwenyekiti alimteua Evelyn Cosmas kuandika badala yake, kwa sababu ya mwandiko wake. Alimwagiza aandike yote yatakayosemwa bila kuongeza wala kupunguza. Katibu aliuliza kama agizo hilo linahusu na utani. Mwenyekiti alijibu kwamba katika kikao hiki hakutakuwa na utani.

KUMB. NA. 2/2026: KURIDHIA AGENDA

Mwenyekiti alisoma agenda mbili: (a) kulinganisha jinsi nchi mbalimbali zinavyodhibiti akili unde, ili shule ichague nchi ya kuiga na kutunga kanuni zake; (b) shauri la Chausiku Sefu.

Kwa faida ya Bi. Mize, Mwenyekiti alieleza shauri lenyewe. Chausiku aliandika insha kwa ajili ya Shindano la Insha la Wilaya. Mada ya mwaka huu, iliyotolewa na Wilaya na si na shule, ni namna mataifa yanavyodhibiti akili unde. Mwl. Kapinga aliisoma insha hiyo, akajiridhisha kwamba imeandikwa na mashine, akampa sifuri, akaiondoa kwenye shindano na kupendekeza mwanafunzi asimamishwe masomo wiki mbili. Bahasha za shindano zinapokelewa ofisi za Wilaya mwisho kesho asubuhi.

Bi. Mize aliuliza kwa nini (b) isitangulie, maana mtoto mwenyewe amekaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi. Mwenyekiti alieleza kwamba haiwezekani kumhukumu mtu kabla ya kuwa na sheria. Bi. Mize aliuliza, basi sifuri alipewa kwa sheria ipi. Mwenyekiti alisema hilo ni swali zuri. Kikao kiliendelea na agenda (a).

KUMB. NA. 3/2026: KULINGANISHA NCHI

Mwenyekiti alimwomba kila mjumbe aeleze nchi aliyojiandaa nayo. Ilibainika kwamba wajumbe wote walikuwa wakimtegemea Mwl. Clara. Katibu alimpigia Mwl. Clara simu kwa maelekezo ya Mwenyekiti, naye akasema maelezo yake yote yamo ndani ya kompyuta, na kompyuta iko wazi mezani kwa fundi, haina kifuniko.



Mwl. Kapinga alisema kazi isikwame. Alifungua jalada lake, akatoa insha ya Chausiku ambayo alikuja nayo kama kielelezo cha kosa, akasema kwamba pamoja na kasoro yake kubwa ya kutoandikwa na mwandishi wake, insha hiyo imezipanga nchi vizuri sana. Alipendekeza kikao kiitumie kwa muda. Mwl. Shadya aliuliza kama anapendekeza Kamati ya kudhibiti kazi za mashine ijifunze kutoka kwenye kazi ya mashine. Mwl. Kapinga alisema yeye anapendekeza tu tumalize mapema. Mwenyekiti aliafiki, na Mwl. Kapinga akaisoma kwa sauti.

Kuhusu Umoja wa Ulaya, insha inaeleza kwamba wametunga sheria moja kubwa inayopanga matumizi ya akili unde kwa ngazi za hatari. Yapo yaliyopigwa marufuku, kama vile kutumia mashine kusoma hisia za wanafunzi darasani. Yapo ya hatari kubwa, yanayoruhusiwa kwa masharti, na humo imo mashine inayotumika kupima kazi ya mwanafunzi, ambayo lazima isimamiwe na binadamu.

Mwl. Shadya alimwomba Mwl. Kapinga asome tena sentensi ya mwisho. Aliisoma tena, safari hii polepole zaidi. Mwl. Shadya aliuliza kama Mwl. Kapinga hakutumia mashine kuipima kazi ya mwanafunzi. Mwl. Kapinga alijibu kwamba masharti yalizingatiwa: "Binadamu alikuwepo. Nilikuwepo mimi." Bi. Mize alisema: "Hapo ndipo wazazi tulipopata wasiwasi."

Kuhusu China, insha inaeleza kwamba hawakungoja sheria moja kubwa, bali wanatoa kanuni jambo kwa jambo, na sasa kila kilichotengenezwa na akili unde, iwe picha, sauti au maandishi, kinapaswa kuwa na alama ya kukitambulisha. Mwl. Kapinga alisema yeye yuko na China, kwa sababu ni watu wa nidhamu. Bi. Mize alimkumbusha kwamba hata sare za shule zina kanuni ya alama, na nusu ya shule imeishona nembo kwapani.

Kuhusu Marekani, insha inaeleza kwamba hakuna sheria moja ya taifa zima. Majimbo yanajitungia, huku serikali kuu ikivutana nayo. Bi. Mize alisema huo ndio utaratibu wa soko letu, kila kizimba na sheria yake, na jioni wote wanagombana kuhusu takataka.

Mwl. Kapinga aliendelea na Uingereza, ambayo imewaachia wasimamizi wa kila sekta waangalie mambo yao. Korea Kusini, ambayo sheria yake imeanza kutumika mwezi uliopita. Rwanda, yenye sera tangu mwaka 2023. Na Kenya, iliyotoa mkakati mwaka jana. Ilipofika Japani, insha inaeleza kwamba wametunga sheria ya kuhimiza akili unde isiyoweka faini, bali inayowaomba watu washirikiane. Mwenyekiti alimsimamisha msomaji hapo. Alisema yeye binafsi ameipenda Japani. Alieleza kwamba kila adhabu inayotolewa shuleni huishia ofisini kwake ikiwa imeongozana na mzazi, na kwamba kama kuna taifa limegundua namna ya kuwa na sheria bila mzazi kuja, taifa hilo lina la kutufundisha.

Mwl. Kapinga alipofika ukurasa wa mwisho, unaohusu nyumbani, alisema huo si lazima kwa kuwa agenda ni nchi za nje. Mwl. Shadya alimwomba ausome hata hivyo. Ukurasa huo unaeleza kwamba Tanzania bado haina sheria mahususi ya akili unde, lakini ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inampa mtu nafasi ya kuhoji uamuzi unaomgusa ikiwa umefanywa na mashine peke yake.

Mwl. Shadya alisema tumekwenda Ulaya, tukapita China na Japani, nauli tumejilipia wenyewe, kumbe la kutusaidia lilikuwa ukurasa wa mwisho. Mwenyekiti alisema hiyo ndiyo faida ya kusafiri.

KUMB. NA. 4/2026: USHAHIDI WA MWL. KAPINGA

Mwl. Shadya aliomba kabla ya kuchagua nchi, Kamati ielezwe mashine ilihusika vipi katika sifuri hiyo. Mwl. Kapinga alieleza bila kusita. Insha ilikuwa imeandikwa kwa mkono. Aliichapa yote kwenye simu yake, kazi iliyomchukua vipindi viwili vya kujisomea, kisha akaiuliza programu ya akili unde: "Je, wewe ndiye uliyeandika insha hii?" Programu ilijibu: "Ndiyo, ni mimi niliyeiandika. Naomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza."

Mwl. Kapinga alisema katika miaka yake yote ya ualimu hajawahi kupata ungamo la wazi na la adabu kiasi hicho, hasa kutoka kwa wanafunzi.

Mwl. Shadya aliomba jaribio lirudiwe mbele ya kikao. Ilichukuliwa barua ya mwaliko wa kikao hiki, iliyoandikwa na Mwenyekiti, ikachapwa na kuulizwa vilevile. Programu ilijibu kwamba ndiyo, ni yenyewe iliyoandika barua hiyo, ikaomba radhi na kujitolea kuifupisha.

Mwenyekiti alitaka iandikwe kwamba barua hiyo aliiandika mwenyewe, nyumbani kwake, na mkewe ni shahidi. Bi. Mize alipendekeza naye apewe sifuri ili kanuni iwe moja kwa wote, ila wiki mbili za kusimamishwa asipewe, kwa kuwa atazifurahia. Mwenyekiti alimkumbusha Katibu kuhusu alichosema juu ya utani. Katibu aliomba mwongozo kama afute. Mwenyekiti alifikiri, akasema kilichoandikwa kwa wino kibaki, kurasa zisichafuke.

Mwl. Kapinga alieleza kwamba hata bila simu alikuwa na shaka. Alisema Kiswahili cha insha hiyo kimenyooka mno. "Mimi nimefundisha Mbinga, nimefundisha Lugoba. Mtoto wa kidato cha tatu lazima ajikwae mahali. Huyu hajikwai." Bi. Mize alimjibu: "Mwalimu wangu, karibu sana Bagamoyo. Huyo amelelewa na bibi yake, Mji Mkongwe wa hapa hapa. Ukiomba maji vibaya kwenye nyumba ile, unalala na kiu." Mwl. Kapinga alisema hakuna mahali popote katika mwongozo wa taaluma ambapo bibi anatajwa kama chanzo.

KUMB. NA. 5/2026: MAELEZO YA CHAUSIKU SEFU

Chausiku aliitwa ndani. Aliwaamkia wajumbe shikamooni, nao wakaitikia marahaba. Mwenyekiti alimkaribisha kiti, akamwambia ajisikie huru.

Mwl. Kapinga alimuuliza habari za Korea Kusini alizipata wapi. Alijibu kwamba alizisoma kwenye simu ya kaka yake, na zile za Rwanda na Kenya kwenye magazeti ya maktaba hii, akaonyesha kwa kidole rafu iliyokuwa nyuma ya kiti cha Mwl. Kapinga. Aliulizwa kama aliwahi kuitumia programu ya akili unde. Alijibu kwamba aliitumia mara moja kuiuliza maana ya neno moja la kisheria, ikampa maana mbili zinazopingana, ndipo akamuuliza Madam Shadya. Mwl. Shadya alithibitisha.

Mwl. Kapinga: "Kwa hiyo unakiri uliitumia."
Chausiku: "Ndiyo, Mwalimu. Kama ulivyoitumia wewe."

Mwenyekiti alimshauri Chausiku achague maneno. Chausiku aliomba radhi, akasema hakukusudia utovu wa adabu, alitaka tu kujua tofauti iko wapi ili asikosee tena.

Bi. Mize alimuuliza: "Mwanangu, hasa unataka nini?" Chausiku alijibu kwamba sifuri anaweza kuivumilia kwa kuwa mitihani bado ipo, na nyumbani wiki mbili zingepita. Anachotaka ni insha iingie kwenye bahasha ikiwa na jina lake, kwa sababu bibi yake aliisikiliza yote akaikubali, na sasa anamuuliza kila siku kama imeshakwenda. Bado hajamwambia.

Mwenyekiti alimwomba atoke nje. Bi. Mize alisema nje kuna jua, akae pale pale pembeni, siri zote za Kamati hii ziko kwenye insha yake. Alikaa.

KUMB. NA. 6/2026: KANUNI ZA SHULE

Baada ya majadiliano marefu, Kamati ilishindwa kukubaliana juu ya nchi moja, ikaamua kuchukua kidogo kila mahali. Kanuni zilizopitishwa ni hizi. Kwanza, mashine haitatoa hukumu juu ya kazi ya mwanafunzi. Mwalimu atatoa, kwa sababu anazoweza kuzieleza (Ulaya). Pili, kila andiko la shule litataja aliyeliandaa, na kama ni mashine itajwe (China). Tatu, anayetuhumiwa atasikilizwa kabla ya adhabu na si baada yake (nyumbani). Mwenyekiti aliomba Japani nayo isiachwe kabisa, hivyo ikaongezwa kwamba wanafunzi wanaombwa kushirikiana.

Mwl. Kapinga alisema yuko tayari kuziunga mkono kwa sharti moja: zisirudi nyuma. Kanuni zimepitishwa leo, insha ilipata sifuri wiki iliyopita, kwa hiyo shauri la Chausiku halimo. Alipendekeza lipelekwe kikao kijacho. Mwl. Shadya alisema kikao kijacho ni mwezi Machi na bahasha ni kesho. Mwl. Kapinga alisema kalenda haikupangwa na yeye.

Kura zilipigwa. Mwl. Kapinga alitaka shauri liahirishwe, Mwl. Shadya na Bi. Mize walitaka liamuliwe leo. Mwenyekiti alisema haoni vizuri kumwacha Mwalimu wa Taaluma peke yake mbele ya wanafunzi wawili, akaungana naye. Kura zikawa mbili kwa mbili, na kura ya uamuzi ni ya Mwenyekiti. Shauri liliahirishwa hadi Machi.



Mwenyekiti alielekeza kanuni zipelekwe kwa Mkuu wa Shule na Bodi jioni hii hii, zikiambatana na maelezo ya kulinganisha nchi, kwa kuwa Bodi itataka kujua zimetoka wapi. Kwa kuwa hakuna maelezo mengine, iliamuliwa insha yenyewe iwe Kiambatisho A.

Katibu aliomba mwongozo. Alieleza kwamba kwa Kanuni ya Pili iliyopitishwa muda si mrefu, kila andiko la shule litataja aliyeliandaa, naye amefika kwenye mstari wa "Kiambatisho A kimeandaliwa na" na hajui aandike nani.

Mwenyekiti alisema aandike Kamati. Mwl. Shadya alisema Kamati haikuandika hata sentensi moja, na Bodi ikiuliza juu ya Korea Kusini, nani atajibu. Mwenyekiti alimtazama Mwl. Kapinga. Mwl. Kapinga alisema aandike "mashine". Mwenyekiti alikataa, akasema hawezi kuipelekea Bodi kanuni za kudhibiti mashine zilizoandaliwa na mashine, Bodi itadhani shule inafanya mchezo. Bi. Mize alipendekeza liandikwe jina la Mwl. Kapinga mwenyewe, kwa kuwa ameisoma vizuri na kwa hisia. Mwl. Kapinga alisema kwa heshima kubwa kwamba yeye hajawahi kujipa kazi ya mtu mwingine.

Bi. Mize: "Mtu yupi, mwalimu wangu?"

 Mwenyekiti alimuuliza Mwl. Kapinga kama kuna jina jingine lolote duniani linaloweza kuwekwa kwenye mstari ule. Mwl. Kapinga alisema kwa sasa halioni. Mwenyekiti alimwelekeza Katibu aandike, na Katibu aliandika: "Kiambatisho A kimeandaliwa na Chausiku Sefu, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu."

Mwl. Shadya alisema kwamba sasa Kamati imemtambua mwandishi, kwa maandishi, kwa kauli moja. Aliuliza ni kitu gani hasa kimebaki cha kuahirishwa hadi Machi. Mwl. Kapinga aliomba mstari ule ufutwe. Mwenyekiti alisema ameshatoa mwongozo kuhusu wino.

IMEAMULIWA: Sifuri ifutwe na insha isahihishwe upya na Mwl. Shadya. Pendekezo la kusimamishwa masomo limekwisha. Insha iingie kwenye bahasha ya Wilaya leo, na nakala yake ibaki kuwa Kiambatisho A.

KUMB. NA. 7/2026: KUFUNGA BAHASHA

Wakati wa kukusanya kurasa ilibainika kwamba ukurasa wa mwisho, ule unaohusu nyumbani, ulikuwa umewekewa birika la chai na wino umetawanyika. Hakuna mjumbe aliyekumbuka ni nani aliyeliweka hapo. Mwenyekiti alisikitika. Chausiku aliomba karatasi safi, akainama kwenye kona ya meza akaanza kuuandika upya. Hakuutazama ule wa zamani, nao haukuwa wa kutazamika.

Mwl. Kapinga alisimama nyuma ya kiti chake, simu mkononi. Humo ndimo alimokuwa ameichapa insha nzima, na alifuata mstari kwa mstari. Alipofika karibu na mwisho alisema, "Hapo. Sentensi hiyo haikuwemo." Mwenyekiti alimwomba aisome ili iingie kwenye kumbukumbu. Aliisoma: "Sheria nzuri ni ile ambayo mtu aliyehukumiwa na mashine anajua akabishe hodi mlango upi, na akibisha, anafunguliwa."

Chausiku alijibu: "Ndiyo, Mwalimu, haikuwemo. Asubuhi nilikuwa bado siijui."

Mwl. Kapinga aliirudisha simu mfukoni. Aliuliza kalamu iko wapi, kwa kuwa masharti ya shindano yanataka bahasha isainiwe na Mwalimu wa Taaluma. Alisaini juu ya mfuniko wa bahasha, akaongeza cheo chake na tarehe.

Kikao kiliisha saa 11:10 jioni. Hakukuwa na maneno ya kufunga, kwa kuwa Bi. Mize alikuwa ameshatoka na bahasha kuelekea ofisi za Wilaya kabla hazijafungwa, na Chausiku alikuwa ameomba ruhusa ya kumsindikiza.

…………………………………
Mwl. Hieronimo Mkude
MWENYEKITI

…………………………………
Evelyn Cosmas, Kidato cha Nne
KATIBU
(Kumbukumbu hizi zimeandaliwa na yeye mwenyewe, kwa mkono, kwa mujibu wa Kanuni ya Pili.)